Digrii ya Mjomba Mikidadi

Digrii niliipata mwezi wa kumi na mbili, siku ya arobaini ya mjomba wangu, pamoja na kanzu mbili, redio, panga na jina lake. Kabla ya siku hiyo nilikuwa Shabani, mkulima wa ndizi na pilipili manga huko juu ya Kinole, elimu yangu darasa la nne. Hilo la nne lenyewe sikulimaliza. Mwalimu alinichapa kwa kosa la mwenzangu, nikamnyang'anya fimbo nikamchapa na yeye, halafu nikaenda shamba. Nipo huko mpaka leo.

Kwetu Uluguru mtu mzima akifa, jina lake haliachwi chini. Ukoo wa mama, tunaouita lukolo, unakaa na kumchagua mmoja wa watoto wa dada zake. Anakalishwa mkekani, anavikwa nguo ya marehemu, anaitwa kwa jina la marehemu, na kuanzia hapo yeye ndiye marehemu. Si mchezo wala si heshima ya mdomoni tu. Mjomba alikuwa hasemezani na Mzee Saidi kwa miaka kumi na moja, sababu ya mpaka wa shamba. Siku ya arobaini Saidi alikula pilau pembeni yangu, akaniomba nimsogezee kachumbari. Kesho yake alinipita njiani kama anapita kisiki.

Mjane wa mjomba alinitazama juu mpaka chini akasema, "Jina chukua. Mimi naenda kwa dada yangu Kihonda." Nikamshukuru, maana na mke wangu alikuwa anasikiliza.

Kwenye sanduku la bati tulikuta cheti chake. Shahada ya kilimo, mambo ya udongo, mwaka elfu moja mia tisa themanini na tatu. Mjomba alikuwa mtu wa kwanza bonde lile kuvaa joho. Mama mkubwa alikitoa cheti kile kwa mikono miwili, akaniwekea mapajani, wanawake wakapiga vigelegele. Hakuna aliyeona ajabu. Kama ugomvi umehama, kwa nini digrii ibaki?

Mtoto wa mjomba, Abdulmajid, naye alikuwepo. Huyu ana digrii ya biashara aliyoisomea mwenyewe chuoni miaka mitatu, na anaendesha bodaboda Msamvu. Jina la baba yake hakuweza kulirithi, maana kwa mila yetu yeye ni wa ukoo wa mama yake. Mpaka asubuhi ile alikuwa ananiita kaka Shabani na kunitania kuhusu meno yangu. Baada ya kuvikwa kanzu alikuja mbele yangu, akapiga goti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Baba, umekalia kofia yangu."

Ndani ya wiki moja watu walianza kuja na shida zao. Mmoja alileta udongo kwenye mfuko wa nailoni, akaumwaga mezani kwangu.

"Tazama hii, Bwana Mikidadi."

Nikatazama. "Ni udongo," nikasema.

Akamgeukia mkewe. "Nilikwambia nini? Ni yeye kabisa. Hakuwa mtu wa maneno mengi."

Yote hayo ningeyavumilia kama mzaha wa kijiji, ila ikaja barua ya Hafidha.

Hafidha ni mtoto wa dada yangu Mwajuma. Baba yake anafanya kazi relini Kisaki, mtu mwema, lakini kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Yaani mimi. Tangu akiwa na miaka saba mtoto huyu anataka kujenga madaraja. Daraja letu la miti husombwa kila masika, na kila masika Hafidha anakaa ukingoni na daftari, anachora kwa nini limesombwa. Darasa la saba aliongoza kata nzima. Shule ya kata aliyopangiwa ilikuwa na mwalimu mmoja tu wa fizikia, naye alikuwa amehama tangu mwaka juzi, jina lake tu ndilo lilibaki kwenye ratiba.

Barua ilitoka Shule ya Kilele, shule ya binafsi ya mjini, ina bweni na maabara na basi la njano. Hafidha alikuwa amefanya mtihani wao na kushika namba moja. Kulikuwa na nafasi moja ya kusoma bure miaka minne. Masharti yalikuwa mawili. La kwanza, la wafadhili: mtoto atoke familia maskini ya kijijini. La pili, la shule: mlezi wake awe na shahada ya chuo kikuu.

Mimi niliisoma mara mbili. Mwajuma aliisoma mara moja akasema, "Ni sisi hawa."

"Sisi gani?"

"Umaskini tunao. Digrii unayo."

"Mwajuma, digrii ile ni ya mjomba."

"Mjomba ni nani?"

"Mwajuma."

"Nakuuliza. Mjomba Mikidadi ni nani siku hizi? Mzee Saidi anakununia wewe au ananunia kaburi?"

Mwanamke huyu angesoma angekuwa jaji.

"Kama unaikataa digrii," akasema, "rudisha na redio."

Hafidha alikuwa amesimama mlangoni na barua ya kupangiwa shule ya kata mkononi. Alikuwa anazitazama karatasi mbili zile kama anavyolitazama lile daraja.

Jumatatu tulishuka mjini, mimi na Hafidha, mimi nikiwa na kanzu ya marehemu na cheti kwenye bahasha ya kaki. Abdulmajid alitupakia wote wawili kutoka stendi. Karibu na geti la shule akasimamisha pikipiki chini ya ukuta, mahali ambapo mlinzi hatuoni, akavua koti lake la bodaboda. Kwenye begi la mgongoni akatoa koti la suti na tai.

"Unaenda harusini?" nikamuuliza.

"Baba, mimi mle ndani wananifahamu. Mimi ni mzazi."

"Mzazi wa nani? Wewe hata mke huna."

"Nina watoto tisa pale."

Hafidha akacheka. Abdulmajid hakucheka, alikuwa anafunga tai kwenye kioo cha pikipiki.

"Wazazi wao wenyewe wana mali, hawana digrii," akasema. "Mmoja ana mashine za kukoboa Gairo. Mwingine ana malori, yuko Ngerengere. Mimi nina digrii, sina mali. Wananilipa niandikwe baba, nihudhurie vikao. Nimepeleka maombi ya kazi sehemu mia moja, baba. Hii ndiyo kazi pekee iliyoulizia cheti changu."

"Na mwalimu mkuu haoni? Watoto tisa!"

"Wawili wamepishana miezi miwili. Anadhani nina wake wengi. Ni mtu mstaarabu, anaogopa kuingilia mambo ya dini."

"Wanaitwa nani watoto wenyewe?"

"Wako wengi. Kuna Fransisko. Kuna Wilfred."

Nikamtazama.

"Nimekwambia ni mstaarabu," akasema. "Leo nina kikao, mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Walinichagua kwa kuwa nina watoto wengi kuliko wote. Sasa sikiliza. Ukiulizwa, jibu ndiyo. Usianze kueleza. Wewe ukianza kueleza unaharibu."

"Nitajibu kitakachoulizwa."

"Ndicho ninachoogopa."

Mwalimu mkuu aliitwa Mwalimu Ernest, mtu wa Kanda ya Ziwa, mpole, na ofisi yake ina ubaridi kama alfajiri ya kwetu mlimani. Ukutani kulikuwa na picha za waliofaulu. Alisimama kunipokea.

"Karibu Dokta."

"Mimi si dokta. Ni digrii moja tu."

Akafurahi. "Wasomi wa kweli ndivyo mlivyo."

Akatoa cheti kwenye bahasha, akakisoma, akakitazama tena, akanitazama mimi. "Samahani, mzee wangu, una miaka mingapi?"

"Arobaini na nane."

Akahesabu kwa vidole chini ya meza. "Kwa hiyo ulihitimu chuo kikuu ukiwa na miaka sita."

"Ndiyo."

Nilijibu ndiyo kama nilivyoagizwa. Nikamwona anachukua kalamu na kuandika kwenye fomu, polepole, neno "kipaji". Alikuwa tayari kuamini. Mtoto wetu alikuwa amebakiza saini moja tu. Ningefunga mdomo hapo, mambo yangekuwa yamekwisha.

"Hapana," nikasema. "Futa hilo. Nilipokuwa na miaka sita nilikuwa nafukuza nyani kwenye migomba. Sikuwa na kipaji chochote. Digrii hii nimeirithi."

Hafidha alifumba macho.

Nikaeleza yote: mkeka, kanzu, Mzee Saidi. Mwalimu Ernest alisikiliza bila kunikatisha. Nilipomaliza akakisukuma cheti upande wangu kwa kidole kimoja.

"Mzee wangu, elimu hairithiwi."

"Basi kwa nini mnauliza mlezi amesoma mpaka wapi? Anayekuja kusoma ni mtoto."

"Kwa sababu elimu ya mzazi humfikia mtoto. Utafiti unaonyesha. Mtoto wa msomi hufaulu, na sisi hapa tunaangalia ufaulu."

"Inamfikiaje? Mtoto alikaa na baba yake darasani?"

"Hapana. Nyumbani tu, taratibu. Vitabu, lugha, mazingira. Anakuwa kama ame..."

"Amerithi," nikasema.

Akazitazama zile picha ukutani.

"Basi wale wa kwenye picha zako wamerithi, na mimi nimerithi. Wao walirithi kidogokidogo, hakuna aliyeona. Mimi nilirithi siku moja, mbele ya watu mia mbili, na ng'ombe alichinjwa."

Mwalimu Ernest alisimama, akaenda dirishani, akarudi. Alikuwa mtu wa haki, na maumivu ya jambo hilo yalionekana usoni kabisa. "Siwezi kukukatalia bila kuikataa kanuni ya shule yangu mwenyewe," akasema. "Lakini siwezi kupokea mila nisiyoijua kwa maneno ya mtu mmoja. Tunaye Mluguru hapa, mzazi wetu wa kuaminika. Yupo kwenye kikao. Nitamwita athibitishe."

Akamtuma karani. Na hapo, wakati hatua zinasikika koridoni, ndipo nilipoona nilichofanya. Nilikuwa nimeshamweleza mwalimu kwamba kwa Waluguru mlezi wa mtoto ni mjomba, si baba. Sasa alikuwa anaingia Mluguru mwenye watoto tisa, ambaye kazi yake yote ni kuwa baba yao.

Abdulmajid aliingia na suti yake na faili kwapani. Alinyooka kama mtu wa benki. Alipotuona hakushtuka.

"Bwana mwenyekiti," akasema Mwalimu Ernest, "mzee huyu anasema kwamba kwa mila yenu amekuwa marehemu Mikidadi. Jina, mali, ugomvi na elimu. Na kwamba watoto wa Mikidadi wanamwita baba. Wewe jina lako la pili ni Mikidadi, nimeliona kwenye mafaili tisa. Swali langu ni dogo. Mtu huyu unamfahamu?"

Angeweza kusema hapana. Neno moja tu, na sisi tungerudi Kinole na ndizi zetu, naye angerudi kwenye kikao chake. Sikumpa ishara yoyote. Nilitaka aseme ndiyo, nisidanganye, nilitaka sana, lakini macho yangu niliyaweka kwenye meza. Hafidha ndiye aliyekuwa anamtazama.

Abdulmajid aliweka faili chini. Akaishika suruali yake ya suti pale magotini, kama mtu anayeogopa kuikunja, akapiga goti kwenye zulia la mwalimu mkuu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Mwalimu Ernest akaketi taratibu. Alikuwa mstaarabu lakini hakuwa mjinga. "Kwa hiyo mila ni ya kweli."

"Ni ya kweli," akasema Abdulmajid, bado yuko chini.

"Mlezi wa mtoto ni mjomba wake."

"Ni mjomba."

"Na wewe ni Mluguru."

"Kwa pande zote mbili."

"Basi wale watoto tisa, Bwana Abdulmajid, wajomba zao wako wapi?"

Abdulmajid alisimama, akajifuta magoti ingawa zulia lilikuwa safi. "Sijawahi kuwaona," akasema. Na huo ulikuwa ukweli mtupu.

Mwalimu Ernest akavuta mafaili kutoka kabatini. Aliyapanga mezani, tisa, akalitazama la Hafidha, la kumi. Nilidhani atapiga kelele. Kumbe alikuwa anapiga hesabu ya aina nyingine. Shule yenyewe ina vidato vinne tu na ada za watoto tisa wale ndizo zilizokuwa zinaendesha lile basi la njano. Kuwafukuza hakuweza. Kuwaacha bila mlezi mwenye shahada, kanuni ilikataa.

"Tuelewane," akasema hatimaye, na macho yake yalikuwa yamepata nuru. "Digrii ya huyu kijana ni ya kusomea."

"Ndiyo," nikasema. "Miaka mitatu."

"Kwa hiyo haina mila. Haijahama kwa mtu, na haiwezi kumfikia mtoto ambaye kwa mila si wake."

"Sijui. Labda."

"Lakini ya kwako ilishahama mara moja. Ushahidi upo. Digrii iliyozoea kuhama inaweza kuhama tena." Akafungua faili la kwanza. "Na watoto hawa, kwa maandishi yetu, baba yao ni huyu. Huyu baba yake ni wewe, amepiga goti mbele yangu. Basi wewe ni babu yao. Nakuandika mlezi wa wote kumi."

"Mwalimu," nikasema, "mimi nimekuja kwa mtoto mmoja."

"Mmoja peke yake siwezi. Nikipokea mila kwa mmoja na kuikataa kwa tisa, nitakuwa na ubaguzi. Wote kumi, au urudi na huyu binti nyumbani."

Nikamgeukia Abdulmajid. "Na wewe utakuwa nani hapa?"

"Hatakuwa na mtoto hapa," akasema Mwalimu Ernest kwa upole. "Na mwenyekiti wa kamati lazima awe mzazi. Nadhani nafasi hiyo pia itahamia kwako."

"Mpe yeye kazi," nikasema. "Ana digrii ya biashara. Mnaweza kumweka hata kwenye uhasibu."

"Nafasi za kazi tunatangaza, mzee wangu. Na tunataka uzoefu."

"Amekuwa baba wa watoto tisa!"

"Uzoefu wenye maandishi."

Abdulmajid alicheka, kicheko kifupi, kisha akasema, "Saini, baba. Ukichelewa atapata kanuni nyingine." Akachukua kalamu mezani, akanishikisha, akanionyesha mstari wa kusaini kwenye kila faili, maana yeye alikuwa anaijua mistari ile. Kwenye la Wilfred alisema mtoto huyu ana pumu, nisisahau. Kwenye la Fransisko alisema huyu anaiba chaki, lakini moyo wake mzuri. Nilisaini Mikidadi, Mikidadi, Mikidadi. Faili la Hafidha lilikuwa la mwisho, na hapo Abdulmajid hakuwa na la kuniambia. Alichukua faili lake la kikao akatoka.

Kengele ikalia. Mwalimu Ernest akasema hakuna sababu ya kungoja, binti aanze leo leo, sare atapewa stoo. Akamtuma karani awalete na wale tisa wamwone mlezi wao mpya. Walipangwa koridoni, warefu kwa wafupi, soksi zimevutwa mpaka magotini. Mkubwa wao alikuwa na ndevu.

"Shikamoo babu," wakasema kwa pamoja.

"Marahaba."

Yule mwenye ndevu akainua mkono. "Babu, baba mwenyekiti yuko wapi? Aliahidi leo atakuja kuniombea ruhusa ya meno."

Hafidha alikuwa ameshapewa sare, ameikumbatia kifuani, anatazama kwenye mlango wa maabara ambako mtu alikuwa anapanga vyuma vya majaribio mezani. Sikutaka ageuke. Huko nje ya geti nikasikia pikipiki ikiwashwa, ikakohoa mara mbili, ikaondoka. Niliisikiliza mpaka ikapotea kwenye barabara kubwa.

"Jino gani linauma?" nikamuuliza yule kijana.

Akafungua mdomo, nikachungulia.